Siku Kiswahili Kilipoingia Pangoni Kentucky

Nimeshakabidhi kipaza sauti, funguo za kabati na ule mwavuli wa manjano ambao wageni huufuata mjini kama vifaranga. Kazi yangu imekwisha. Mmeniomba niandike niliyoyaona kabla sijayasahau, na mmeniomba kwa haraka, kama watu wanaoamini nitasahau Jumanne ijayo. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache. Mshahara nao kila mmoja wenu anaujua wake. Nitaeleza kazi.

Kwa wale mtakaoajiriwa baadaye na hamtanikuta: naitwa Zuhura, mzaliwa wa Tanga. Nilifika Louisville nikimfuata mume wangu, aliyekuja kusomea uhandisi akaishia kuupenda mji. Mtu wa kwanza kunisahihisha hapa alikuwa karani wa posta. Nilitamka jina la mji kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, jinsi tulivyofundishwa kusoma kwetu. Akacheka kwa upole, akaniambia kwamba wenyeji hawalitamki jina hilo, wanalimeza. Luavul. Ni kama mtu anayejibu swali huku ana kiazi cha moto mdomoni. Mpaka leo hilo ndilo somo langu la kwanza ndani ya basi, na halijawahi kushindwa kuwachekesha watu.

Nilianza kwa kukata tiketi za meli ya kitalii kwenye Mto Ohio, ile ya zamani inayoendeshwa kwa mvuke, yenye gurudumu kubwa nyuma. Kibanda changu kilikuwa na dirisha dogo, na upepo wa mtoni ulijua kuliingia. Waongozaji walisimama nje ya dirisha hilo wakisimulia historia ya mji, kiangazi chote, maneno yaleyale, hata nikayajua kama Alhamdu. Siku moja mwongozaji wa kampuni yetu hii akaamka hana sauti. Linda, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepewa umeneja, akaja kibandani kwangu amehamanika, akauliza kama kweli nilikuwa nikisema yale maneno peke yangu wakati hakuna wateja. Nikakubali. Kabla ya adhuhuri nilikuwa ndani ya basi nimeshika kipaza sauti.

Dereva alikuwa Earl. Wengi wenu mnamjua amezeeka. Mimi nilimkuta ana nywele nyeusi. Ni mtu mweusi wa Kentucky hii hii, ukoo wake uko hapa tangu enzi za utumwa. Haongei sana na hapandishi sauti. Siku ile nilianza kwa mbwembwe, nikaeleza nani aliufikia mto huu kwanza na mashua zilivyoshuka maporomoko. Bibi mmoja kiti cha mbele aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena. Nilidhani anataka kujua zaidi kuhusu maporomoko. Tulipofika kituo cha kwanza akanipita mbio bila hata kuniaga.

Earl alizima injini. "Zu," akaniambia, na tangu hapo hakuniita jina lingine, "kwanza choo, halafu historia. Mtu aliyebanwa hasikii habari za wazee."

Huo ndio msingi wa kazi yetu. Mengine yote niliyojifunza baadaye ni maelezo ya ziada.

Mengine yenyewe ni haya. Bebeni peremende za tangawizi, maana barabara za milimani zina kona na watu wamekula. Bebeni soksi za akiba. Kwenye uwanja wa mbio za farasi, ule wenye minara miwili, msiwaambie wageni farasi gani atashinda hata wakiwabembeleza, kwa sababu akishindwa mtarudi nao kwenye basi moja. Kwenye kiwanda cha marungu ya besiboli, pale penye rungu kubwa lililoegemea jengo kama limesahauliwa na jitu, wahesabuni watu wenu kabla ya kuondoka na si baada, kwa kuwa akina baba hupotelea dukani.

Earl ndiye aliyenifundisha kuutazama mto. Lile daraja la zamani la reli lilipogeuzwa kuwa njia ya waenda kwa miguu, tulipanda pamoja kwa mara ya kwanza bila wageni. Tulisimama katikati, Kentucky nyuma yetu na Indiana mbele.

"Upande huu mtu aliuzwa," akasema. "Upande ule angalau angeweza kukimbia. Bibi yake bibi yangu alifua nguo ukingoni hapa. Aliutazama mto huu maisha yake yote na hakuuvuka."

"Na wewe unauvuka mara ngapi kwa wiki?" nikamuuliza.

"Kila ninapotaka sandwichi," akajibu.

Ndivyo alivyo. Tulipokuwa tukipeleka watu kwenye majumba ya zamani yenye nguzo nyeupe, kulikuwa na mahali ambapo maelezo yaliwataja watu waliopika, waliolima na kufua kwa jina la watumishi. Earl hakugombana na mtu. Alikuwa akikiomba kipaza sauti kabla hatujafika, anasema, "Huko mtasikia neno watumishi. Maana yake watumwa." Kisha anaegesha.

Lakini mahali nilipopapenda kuliko pote ni pangoni. Lile Pango la Mammoth liko kusini mwetu, mwendo mfupi kwa barabara kuu, na ndilo refu kuliko mapango yote yanayojulikana duniani. Saa za huko ziko nyuma ya za Louisville kwa saa moja, jambo linalowachanganya Wamarekani. Sasa mfikirieni Mswahili. Louisville ikiwa saa nne asubuhi kwa hesabu yetu, kwa hesabu yao ni saa kumi, na huko pangoni ni saa tisa, yaani saa tatu yetu. Nimewahi kuwa na kundi lililokuwa na saa nne tofauti ndani ya basi moja, na kila mtu alikuwa na hakika yake.

Waongozaji wa mwanzo wa pango lile walikuwa watumwa. Walishuka na taa za mafuta, wakagundua njia mpya, wakawapitisha matajiri kutoka mbali. Majina yaliyoandikwa kwa moshi wa mishumaa bado yanaonekana kwenye dari ya mawe. Kabla yao, katika vita vya zamani na Waingereza, watumwa wengine walichimba humo udongo wa kutengenezea baruti. Mabomba yao ya mbao na matangi yao yako palepale, hayajaoza, kwa sababu hewa ya ndani ni kavu. Niliyaona kwa mara ya kwanza nikiwa nyuma ya Earl, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hawa ndio waliotutangulia kazini, Zu. Tofauti ni kwamba sisi jioni tunarudi nyumbani."

Sasa nifike kwenye jambo mnaloniuliza kila mara.

Mwanzoni mwa miaka hii ya 2010, Wakongo walianza kuwa wengi katika miji yetu. Familia kutoka Kivu, zilizokaa miaka mingi kwenye kambi za wakimbizi, zikaletwa Louisville, Columbus na Buffalo za kaskazini yetu, na kwingineko. Niliwasikia sokoni kabla sijawaona. Kiswahili chao si cha Tanga; kina Kifaransa ndani yake, na 'wa' yetu kwao ni 'ba'. Mwanzoni nilikuwa nasikia maneno yangu yakipita yamevaa nguo za mtu mwingine. Nikazoea, kisha nikapenda.

Siku moja simu ya ofisini ikalia, nikapewa.

"Allô? Banatuambia kule kwenu kuko musichana wa Kiswahili," sauti ya mama ikasema.

Nilikuwa nina wajukuu. Nikasema ndiyo, ni mimi.

Alikuwa Mama Nabintu, mama wa kanisa na kiongozi wa kwaya huko Buffalo, mtaa wa East Side. Kwaya yao ilikuwa na undugu na kwaya nyingine ya Wakongo huko Columbus, na walitaka kusafiri wote pamoja wakati wa kiangazi. Nilimuuliza wanataka kuona nini. Akafikiri kidogo.

"Mama, siye tuko hapa miaka," akasema. "Tumeona warehouse. Tumeona hospitali. Tumeona ofisi ya social, ya musaada. Bon, sasa tunataka kuona inchi yenyewe."

Maneno hayo niliyapeleka kwa Linda kama yalivyo. Linda si mtu mbaya, na nyinyi mnamjua. Ila alikuwa na wasiwasi. Kundi kubwa, wazee na vijana, lugha asiyoielewa, na pango. Safari ya pangoni ina ngazi, ina vichochoro vyembamba. Mtu akiogopa katikati, unamwelezaje kwa lugha ambayo mhifadhi wa pango haijui?

"Mimi ndiye nitakayemweleza," nikasema.

"Na wakiogopa kumi?"

"Nitawaeleza kumi."

Alikubali kwa sharti moja. Angekuja mwenyewe. Ikienda vizuri, Kiswahili kitawekwa kwenye ratiba ya kampuni kama Kihispania na Kijerumani. Ikiharibika, asisikie tena neno hilo. Nilitoka ofisini nimeinua kichwa, na nilipofika chooni nikanawa uso kwa maji baridi.

Watu wa Buffalo walikuja Columbus kwa magari yao wakalala kwa wenzao, wengine kitongoji cha Westerville, wengine cha Gahanna. Mimi na Earl tulipeleka basi huko jana yake. Asubuhi tuliwakuta kwenye maegesho ya kanisa, wamevaa vitenge vya sare na viatu vya michezo, wamebeba masufuria ya sombe, yaani kisamvu, na ndoo za mandazi. Earl ana sheria yake ya chakula ndani ya basi, mnaijua. Alisimama mlangoni amekunja mikono. Mama Nabintu, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, akaweka andazi kwenye kiganja chake bila kumuuliza, akapita. Earl alilitazama, akalila, na sheria ikaahirishwa mpaka tuliporudi.

Nyuma ya Mama Nabintu alipanda mumewe, Mzee Bisimwa. Mrefu, mkimya, amevaa koti la suti na kofia katika joto lile. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa kushangaa kidogo, maana kwao hawaamkiani hivyo. Kiti cha nyuma yake alikaa msichana wa Columbus aitwaye Espérance, aliyekuwa akisomea uuguzi. Ndiyo, huyuhuyu Espérance wetu. Ameniruhusu niandike.

Tulishuka kusini, tukavuka Mto Ohio, tukalala Louisville. Kesho yake asubuhi tukaenda pangoni. Watoto wakubwa walikuwa wakiongea Kiingereza kati yao, wazazi wanawauliza kwa Kiswahili, wanajibiwa kwa Kiingereza, na mazungumzo yanaendelea bila mtu kugombana. Linda, aliyetusubiri Louisville, alikaa kiti cha mbele na tabasamu la mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Mhifadhi aliyetupokea aliitwa Carol, mama wa makamo mwenye kofia pana. Yeye angetangulia, mwenzake angefunga msafara nyuma, na mimi ningetafsiri kila tuliposimama. Tulitembea hadi mdomoni mwa pango. Mliowahi kufika huko kiangazi mnajua: unatoka jasho, halafu ghafla hewa ya baridi inakupiga miguuni, kama mtu kafungua jokofu la ardhi. Ngazi zinashuka gizani na maji yanadondoka pembeni.

Hapo Mzee Bisimwa akasimama. Watu wakampita. Mkewe akageuka, akamtazama, akaelewa.

"Baki tu, papa," akamwambia. "Tutakukuta hapa."

Nikarudi kwake. Nilidhani ni magoti. "Mzee, kama ngazi ni nyingi, Earl yuko pale kivulini, mnaweza kukaa pamoja."

"Si ngazi, mama." Hakuniangalia, aliangalia lile tundu. "Miye nilichimba dhahabu kule kwetu. Siku moja tundu ilifunga. Mudogo wangu alikuwa mule, na benzangu. Hatukubatosha inje. Nilisema sitaingia tena chini ya udongo mpaka siku banaponizika. Miye sikusahau kitu mule, nirudi kukitafuta."

Kitabu changu cha kazi hakikuwa na ukurasa huo. Carol alikuwa amesimama ngazi ya kwanza anasubiri tafsiri ya maelezo yake, na nikaona afadhali niyaseme palepale ili mzee naye ayasikie, asije akasafiri kutoka Buffalo akaambulia ngazi tu. Nikaeleza kwamba ndani kuna mabaki ya wachimbaji, watu weusi waliofanywa watumwa, waliotumwa humu kutafuta udongo wa baruti.

Mzee Bisimwa akainua uso. "Balichimba na nini?"

Nikamuuliza Carol. "Kwa sururu na makoleo, kwenye mwanga wa taa za mafuta," nikamrudishia jibu lake.

"Na jina zabo?"

Nikamtafsiria Carol. Carol akatikisa kichwa. Ya waongozaji waliofuata yanajulikana kadhaa. Ya wachimbaji, mengi hayakuandikwa.

Mzee akavua kofia, akaishika kifuani.

"Bon," akasema. "Basi naenda kubasalimia."

Akashuka. Mama Nabintu alimshika mkono wa koti, wakaenda bega kwa bega. Linda aliniuliza kwa macho kuna nini, nikamwambia nitamweleza baadaye.

Tulipofika kwenye ukumbi mkubwa wa kwanza, penye yale matangi ya mbao, Carol aliangaza taa yake na kueleza, mimi nikatafsiri. Watu walikuwa wakitazama juu na kunong'ona. Mzee Bisimwa alisogea mpaka kwenye kizuizi. Aliyatazama yale mabomba ya magogo yaliyotobolewa katikati, jinsi yalivyounganishwa. Akazungumza kwa Kishi, lugha ya kwao, maneno machache ya taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Sikuelewa na sikuuliza. Wazee wengine wawili wakaja wakasimama naye. Linda alivua miwani akaifuta.

Nilidhani kwamba kilichokuwa kigumu kimekwisha. Huwa hivyo kazini: unapoanza kupongezana na nafsi yako ndipo mambo yanapofika.

Mbele zaidi njia inakuwa nyembamba. Mawe yanakubana kiunoni huku na huku, unapita upande upande kama kaa, na baada ya hapo dari inashuka, unainama. Wenyeji walipapa jina la kuwacheka wanene. Si parefu, lakini ukiwa ndani huoni mwisho. Carol alitangulia, nikafuata, na akina mama wa kwaya nyuma yangu, wakicheka na kulaumiana kwa mandazi waliyokula. Kisha kicheko kikakatika. Nikasikia mtu anapumua kwa nguvu, kama anayetoka majini.

"Kuna mtu amesimama," sauti ikasema kwa nyuma. "Mama Zuhura, huyu binti hasogei."

Nilifanya kama Earl alivyonifundisha kwa lolote: kwanza fungua njia. Nikawaharakisha waliokuwa mbele ya huyo binti wafike kwenye ukumbi wa kupumzikia, wakatoka wote. Carol akaniambia kwa utulivu kwamba kuna kundi jingine linakuja nyuma yetu, mwenzake atalizuia, lakini si kwa muda mrefu. Nikarudi ndani peke yangu, upande upande.

Alikuwa Espérance. Amebana mgongo kwenye jiwe, macho wazi, mikono imekakamaa. Nyuma yake alikuwa Mzee Bisimwa, nyuma ya mzee mkewe, kisha Linda na wengine wote, mstari mrefu usioweza kwenda mbele. Kurudi nyuma wangeweza, mmoja mmoja. Yeye asingeweza kwenda popote.

"Siwezi, mama," akasema. "Kifua kinafunga. Najua ni panique, woga tu, tulisoma hiyo shuleni, najua jina lake. Lakini siwezi."

Nikampa peremende ya tangawizi, ikaanguka. Nikamwambia apumue nami, akajaribu, akashindwa. Nikamwambia mwisho wa njia uko karibu, mimi nimetoka huko sasa hivi. Hakunisikia. Niliona uso wa Linda kwa mbali kwenye mwanga hafifu, na nilijua analifikiria lile sharti lake, maana na mimi nilikuwa nalifikiria.

Ndipo Mzee Bisimwa aliposema, polepole, kama yuko barazani kwake. "Binti. Fanya kimya kidogo. Na nyinyi wote, kimya."

Mstari mzima ukanyamaza.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, papa," Espérance akasema.

"Eee. Miye na jiwe tunajuana. Jiwe linalotaka kuanguka linasema kwanza. Linakohoa. Linatoa vumbi. Lile letu lilisema asubuhi yote, na patron wa kazi akatuambia tuendelee. Hili hapa, nimelisikiliza tangu tumeingia, mita kwa mita. Halijasema neno. Hili linalala. Weka mukono yako pale, ulisikie."

Espérance alisogeza kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa baridi na laini, limesuguliwa na nguo za watu wa vizazi vingi.

"Sasa muguu moja. Ule mama anakushika mbele, miye niko nyuma. Hatuna haraka. Muguu ingine."

Nikamshika mkono wa kushoto. Tukaenda hivyo, mimi nikitembea kinyumenyume na kujigonga viwiko, yeye katikati, na sauti ya mzee nyuma yake ikiuliza kila baada ya hatua, "Limesema?" na yeye akijibu, "Bado." Mahali pa kuinama nilipiga goti, na kutoka pale chini niliuona mkono wa Mzee Bisimwa kwenye ukuta. Ulikuwa ukitetemeka kama jani. Sauti yake haikutetemeka hata mara moja. Nilikuwa mtu pekee aliyekaa mahali pa kuona vyote viwili, na nimewaambia wachache sana kabla yenu.

Tulipotokea ukumbini akina mama walimpokea Espérance kwa vigelegele ambavyo nadhani pango lile halikuwahi kuvisikia. Wengine wakatoka mmoja mmoja. Linda alikuja wa mwisho, tope kwenye suruali yake nzuri. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Bisimwa, akampa mkono wa mikono miwili, akaniambia, "Mwambie sijui nimwambie nini."

Nikamtafsiria hivyohivyo. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Columbus. "Mwambie na miye sijui."

Kabla ya kupanda juu unafika mahali ambapo pango linafunguka kwenda juu kama kisima kilichochimbwa na Mungu, na ngazi za chuma zinazunguka ndani yake. Mama Nabintu alitazama juu. Alikuwa mwanakwaya, na mwanakwaya akiona dari ndefu hawezi kujizuia. Akaniuliza kama inaruhusiwa. Nikamuuliza Carol. Carol akasema, "Wimbo mmoja, taratibu."

Hawakuimba taratibu. Walianza taratibu. Sauti za Buffalo na za Columbus zilikuwa hazijawahi kuimba wimbo ule pamoja, na ilichukua mstari mmoja tu kupatana. Besi za wazee ziliingia chini, sauti za akina mama zikapanda na ngazi, na mawe yakazirudisha zote zikiwa kubwa maradufu. Watoto waliokuwa wakijibu kwa Kiingereza njia nzima waliimba kila neno. Kundi lililokuwa nyuma yetu lilitufikia, likasimama, hakuna aliyelalamika. Mimi ni Mwislamu, wimbo ulikuwa wa kanisa, na nilisimama pale na machozi yananitiririka bila aibu. Carol alivua kofia yake.

Tukatoka juani. Tukatembea juu ya yale mazulia ya sabuni yanayosafisha viatu ili kuwakinga popo na maradhi yao. Mzee Bisimwa alirudi nyuma akayapita mara ya pili, kwa hakika zaidi. Earl alikuwa amelala kwenye usukani. Linda akapanda, akakaa karibu nami. Tulipoingia barabara kuu akauliza:

"Safari nyingine ya Kiswahili ni lini?"

Ilikuwa mwezi uliofuata. Kabla msimu haujaisha zikawa tatu zaidi, na mwaka uliofuata Kiswahili kiliandikwa kwenye ubao wa ofisini, mstari wake wenyewe, kwa rangi ileile ya lugha nyingine. Nilikipiga picha nikawatumia ndugu zangu Tanga. Dada yangu akajibu kwa kuuliza kama hivi ndivyo vivutio vya Marekani, ubao. Wakaja Wakongo wa Louisville yenyewe, Warundi, Watanzania wa Columbus waliodai Kiingereza chao kinatosha kisha wakauliza maswali yote kwa Kiswahili, na Wakenya waliochanganya vyote viwili ndani ya sentensi moja. Tukawapeleka mtoni, kwenye uwanja wa farasi, kwenye majumba ya nguzo nyeupe, na huko sasa neno tunalolitumia ni watumwa, tangu mlangoni.

Espérance alirudi mara mbili kama mgeni, akiipita ile njia nyembamba kwa makusudi. Mara ya tatu alikuja ofisini kuomba kazi ya msimu wa kiangazi. Nilimfundisha mimi. Siku yake ya kwanza kwenye basi alishika kipaza sauti, akatazama nyuso zote zile, akaanza na choo. Nilijua atafaa.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa vuli hii ya mwaka 2016, majani yamegeuka rangi. Kundi la Buffalo tena, watu wapya karibu wote, wengi walikuwa na miezi michache tu Marekani. Espérance aliongoza. Mimi nilikaa viti vya nyuma kama mstaafu, nikala mandazi ya watu na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Tulipofika mdomoni mwa pango Carol alikuwa akitusubiri. Espérance alisogea ili atafsiri. Carol akamzuia kwa kiganja, akakohoa, akasimama wima kama mwanafunzi anayesomewa jina.

"Bamama na bapapa," akasema. "Karibuni mu nyumba ya bazee. Muangaliye kichwa, na musiogope. Jiwe eko analala."

Kundi zima likaitikia kwa kishindo, watu wakampigia makofi, na bibi mmoja akamkumbatia na kofia yake ikaanguka. Miaka yote ile nilimpa Carol Kiswahili cha Tanga, kilichonyooka, chenye ngeli zake zote. Yeye akachagua cha Kivu, alichokiokota kwa wageni wetu, pamoja na lile jiwe la Mzee Bisimwa. Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Nikaangalia kichwa kama nilivyoagizwa, nikashuka.